Umesoma taarifa mara tatu na hujaelewa? Tafuta hitilafu hapa

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya, ikiwa na muhuri na sahihi:

"Kufuatia changamoto zilizojitokeza katika utekelezaji wa mpango, uongozi umebaini uhitaji wa kufanya maboresho ya mfumo wa utoaji huduma ili kuongeza tija, ambapo baadhi ya huduma zitahuishwa kwa kuzingatia rasilimali zilizopo."

Watu watatu mbele yangu waliisoma, wakapita. Mzee mmoja akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kisha akamwita muuguzi: "Mwanangu, hii inasemaje?" Muuguzi akatazama nyuma yake kwanza, akapunguza sauti: "Kuanzia mwezi ujao usiku hatufungui, babu. Hela ya wauguzi wa zamu imeisha."

Karatasi ile ina maneno 30. Humo hakuna "usiku", hakuna "kufunga", hakuna "hela", wala jina la aliyeamua. Na neno lililobebeshwa kazi ya kufunga mlango ni "kuhuishwa", yaani kutiwa uhai.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya karatasi kama ile, au kukaa mkutanoni akisikiliza hotuba ya aina hiyo. Unakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, huna haja ya kufuata mpangilio. Ila shika jambo moja kabla ya kuanza: usijishuku wewe kwanza. Watu wengi wakikwama kwenye taarifa za namna hii hudhani shule yao ilikuwa fupi, wakanyamaza kwa aibu. Nimehariri na kufasiri nyaraka za maofisi kwa miaka mingi, na mara nyingi nimempigia simu mwandishi nimwulize sentensi yake ina maana gani. Jibu la kawaida ni kunisomea sentensi ileile, polepole zaidi.

Dalili: mambo yametokea, lakini hakuna aliyeyafanya

Fedha zimetumika. Nyaraka zimepotea. Makosa yamejitokeza. Imebainika kwamba utaratibu haukuzingatiwa.

Hitilafu iko kwenye kitenzi. Kiswahili kina njia mbili za kumwondoa mtendaji jukwaani. Ya kwanza ni -wa: "fedha zilitumiwa". Hapo mtendaji amejificha nyuma ya pazia, lakini miguu yake inaonekana, kwa sababu sentensi bado ina nafasi ya "na nani". Ya pili ni -ika na ndugu zake: "fedha zilitumika". Hapo hata pazia halipo. Fedha zimejitumikia zenyewe. Kila mtoto anaijua tofauti hii kabla hajafika darasa la kwanza: haji kwa mama yake kusema "nimevunja kikombe", anasema "kikombe kimevunjika". Na mama, bila kuhitaji kitabu cha sarufi, anauliza, "Nani kakivunja?" Wabunge wengi wangejifunza mengi kwa mama huyo.

Kipimo ni rahisi. Pigia mstari kila kitenzi cha -wa na cha -ika, kisha andika pembeni maswali mawili: nani, na lini. Ukimaliza ukurasa na pembeni mwote bado ni maswali bila majibu, unajua ulichopewa.

Mfano mmoja unaonyesha kifaa hiki kikifanya kazi kwa mtu yuleyule, kwenye jambo lilelile. Tarehe 27 Januari 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani alilihutubia Bunge huku kashfa ya kuiuzia Iran silaha ili mateka wa Kimarekani waachiliwe ikiwa imepamba moto. Alisema makosa makubwa yalifanywa. Basi. Hakusema na nani. Tarehe 4 Machi mwaka uleule akarudi kwenye televisheni akasema anabeba dhamana kamili kwa matendo yake na ya serikali yake, na kwamba aliwaambia wananchi hakubadilishana silaha kwa mateka, lakini ushahidi unaonyesha sivyo. Hotuba ya pili ilimuumiza zaidi wakati anaisema, lakini ilimpa mwananchi kitu cha kushika: mtu, tendo, na kukiri.

Sasa chukua mfano wa Chernobyl, kituo cha umeme wa nyuklia huko Ukraine, wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Mtambo ulilipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986. Taarifa fupi ya shirika la habari la Kisovieti ikasomwa usiku wa tarehe 28. Kwa ufupi ilisema ajali imetokea, mtambo mmoja umeharibika, hatua zinachukuliwa kuondoa athari, walioathirika wanasaidiwa, tume ya serikali imeundwa. Isome tena ukiwa mzazi unayeishi kilomita 50 kutoka pale. Hakuna hata mstari mmoja unaokuambia ufunge dirisha. "Hatua zinachukuliwa": zipi, na wewe uchukue ipi?

Tahadhari kidogo. Kuna nyakati ambapo mtendaji kweli hajulikani, au hayupo. Mvua ikinyesha sana, daraja hubomoka, na hakuna haja ya kumsaka mtu. Lakini mwandishi mwaminifu akiwa hajui husema "hatujui nani", na hayo ni maneno mawili tu.

Dalili: kila kitu kimekuwa changamoto

Bomba halitoi maji wiki ya tatu: kuna changamoto ya maji. Dawa zimeibwa stoo: changamoto ya upatikanaji wa dawa. Mkuu wa idara hajui kazi: changamoto za kiutendaji. Mishahara haijalipwa: changamoto za kifedha. Hata nyumbani limeingia. Mtu ana homa kali anakwambia ana changamoto kidogo ya afya.

Hapa nitakaa kidogo, maana kwa maoni yangu hakuna neno lililofanya kazi kubwa ya kuficha mambo kwa Kiswahili cha siku hizi kuliko hili. Na ni neno zuri, ndiyo maana linafaa kwa kazi hiyo. Changamoto ni jambo gumu linalomchochea mtu ajitume zaidi. Mwanariadha ana changamoto. Mwanafunzi aliyepewa hesabu ngumu ana changamoto. Kwa hiyo unapolihamishia kwenye stoo iliyoibwa dawa, unahamisha na heshima yake. Tatizo lina chanzo, na mara nyingi lina mtu. Changamoto haina chanzo. Imekuja tu, kama mlima uliokuwa njiani tangu zamani. Na anayekabiliana na mlima ni shujaa. Mwizi wa dawa akishageuka changamoto, aliyeacha mlango wa stoo wazi anageuka mpambanaji.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Lugha hii ina maneno tele kwa mambo mabaya: wizi, uzembe, ukata, upungufu, deni, rushwa, ucheleweshaji, ujinga, upendeleo. Kila moja lina dawa yake. Wizi unahitaji polisi. Uzembe unahitaji mtu aonywe au aondolewe. Ukata unahitaji bajeti, na pengine kodi. Mpigakura anayeambiwa "wizi" atauliza nani kashtakiwa, na anayeambiwa "ukata" atauliza hela zilikwenda wapi badala ya hapa. Anayeambiwa "changamoto" atauliza nini? Atatikisa kichwa kwa huruma.

Dawa: kila unapokutana na neno hili, lifute, kisha jaribu maneno ya orodha ile moja baada ya jingine mpaka moja likae. Lisipokaa hata moja, muulize aliyeandika achague. Utashangaa jinsi watu wanavyokataa kuchagua.

Ndugu zake wapo. "Wadau" ni mmoja. "Wadau walishirikishwa." Omba orodha. Mara nyingi wadau ni watu kumi waliokaa kwenye ukumbi wenye kipupwe, na wanaohamishwa kwenye ardhi yao hawamo. "Mamlaka husika" ni mwingine: kiumbe kinachotajwa kila siku na hakuna aliyewahi kukiona ana kwa ana. "Maboresho" mara nyingi ni kupunguza. Hapo angalia tu kama kuna kitu kitakachoongezeka.

Dalili: sentensi inafaa popote

"Tumejipanga kutoa huduma bora, endelevu na shirikishi kwa weledi na uwazi."

Nani huyu? Inaweza kuwa benki, gereza, timu ya mpira au wizara. Vipimo viwili vinatosha. Kwanza, badilisha jina la taasisi uone kama kuna kitakachovunjika. Pili, igeuze kinyume: "Tumejipanga kutoa huduma mbovu, za muda, kwa ubabaishaji na usiri." Kama hakuna mtu duniani angeweza kusema kinyume chake, basi aliyesema upande huu naye hajasema kitu. Ahadi ina thamani pale tu ambapo mwingine angeweza kuahidi tofauti, nawe ukachagua kati yao. Kampeni nzima inaweza kujaa sentensi za aina hii, wagombea watano wakasimama kwenye majukwaa matano, na mpigakura akarudi nyumbani na rangi za kofia tu kama tofauti.

Chanzo cha hii ni uhamisho. Lugha ya mameneja wa makampuni (dira, dhima, tija, viashiria, thamani ya fedha) ilihamishiwa kwenye ofisi za umma, na pamoja nayo likaja neno "mteja". Ofisi za serikali sasa zina wateja. Linasikika kama adabu, lakini angalia lilichofuta. Mteja asiporidhika huenda kwingine. Raia hana kwingine pa kupata cheti cha kuzaliwa. Mteja analalamika, halafu anatulizwa. Raia ni mwenye mali, naye huuliza hesabu.

Njia nyingine ya kuingilia ni yetu sisi wafasiri, na hapa ninakiri. "Masuala mtambuka", "kuwajengea uwezo", "mnyororo wa thamani", "uchechemuzi": mengi ya haya yalipitia kwenye maandiko ya miradi yaliyotakiwa kufasiriwa haraka, neno kwa neno, na mfasiri akalipwa kwa idadi ya maneno. Nimeandika "kuwajengea uwezo wanawake wajasiriamali" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, huku nikijua kilichofanyika ni semina ya siku mbili na posho. Kuna uwezo uliojengwa? Labda. Lakini "walifundishwa kuandika hesabu za mauzo kwa siku mbili" ingemruhusu msomaji ahukumu mwenyewe kama siku mbili zinatosha.

Dalili: jambo chungu limepewa jina tamu

Hapa usitafute kwenye sarufi. Sentensi inaweza kuwa nyoofu, yenye mtendaji na tarehe, na bado ikaficha. Hitilafu iko kwenye nomino.

Kipimo: mweleze mtu aliyefanyiwa jambo hilo jina lake rasmi, kisha umtazame uso.

Ofisa akifukuzwa kwa ubadhirifu, tangazo husema "uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine". Wananchi hawajui alifanya nini, na miezi sita baadaye wanamkuta mahali pengine na gari jipya. Miaka ya 1980 na 1990, nchi nyingi za Afrika zilizokopa kwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilianza kutoza ada kwenye hospitali na shule za umma. Kwa Kiswahili jambo hilo likaitwa "uchangiaji wa gharama". Kuchangia, kwa wasemaji wa lugha hii, ni tendo la hiari na la ujirani. Unatoa ulichonacho, na asiyekuwa nacho haaibishwi. Lakini huku asiyekuwa nacho alirudishwa mlangoni. Mjadala uliopaswa kuwa "je, tutoze wagonjwa?" ukawa "je, watu wamehamasika kuchangia?", na mgonjwa asiye na hela akaonekana mgumu wa kuhamasika.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa na "mbinu zilizoimarishwa za mahojiano". Humo kulikuwa na kumlaza mtu na kumwagia maji usoni ahisi anazama, na kumnyima usingizi kwa siku kadhaa. Mabishano ya miaka yakawa kuhusu mbinu na ufanisi wake. Rais Obama, mwezi Agosti 2014, alitumia kitenzi cha kawaida: alisema "tuliwatesa" baadhi ya watu. Kwa kitenzi hicho swali la sheria linarudi lenyewe, maana kutesa ni kosa, na kuimarisha mahojiano si kosa popote.

Kuna kiwango cha juu zaidi cha hitilafu hii, pale jina tamu linapolindwa kwa kifungo. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, jina rasmi lilikuwa "operesheni maalumu ya kijeshi". Tarehe 4 Machi ikapitishwa sheria ya kuadhibu "taarifa za uongo" kuhusu jeshi kwa kifungo cha hadi miaka 15, na vyombo vya habari vilikuwa tayari vimeamriwa visiite vita. Watu walikamatwa wakiwa wameshika karatasi tupu, bila neno lolote. Ukifika hapo mwongozo huu hauwezi kukusaidia sana. Tatizo limetoka kwenye lugha likaingia kwa askari. Lakini linaeleza kwa nini madaraka hujali majina. Asiyeruhusiwa kusema "vita" hawezi hata kuuliza itakwisha lini.

Dalili: taarifa imejaa vidokezo na asilimia, na umetulia kuliko inavyostahili

Hii ni fupi kuieleza, ila imewahi kuua. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporuka, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilidondoka na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitayarisha slaidi za kuwaeleza wakubwa kama kuna hatari. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha kutuliza, na chini yake vidokezo vya ngazi mbalimbali. Neno lenye maana ya "kwa kiasi kikubwa" lilitumika humo mara tano, kila mara kwa maana inayoyumba. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulibeba habari yenyewe: majaribio waliyokuwa wakiyategemea yalifanywa kwa povu la inchi za ujazo 3, na lililogonga lilikadiriwa kuwa 1,920. Ni mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi, na wote saba waliokuwemo wakafa. Bodi ya uchunguzi iliichapisha slaidi ile kwenye ripoti yake.

Hakuna aliyedanganya pale. Namba ilikuwepo. Kwa hiyo ukipewa slaidi, anza kusoma kutoka chini. Na ukiambiwa "asilimia 80 ya malengo yamefikiwa", uliza malengo mangapi, nani aliyaweka, na yale yasiyofikiwa ni yapi. Mara nyingi asilimia 80 ni semina na vikao, na iliyobaki ni kisima.

Dalili: wewe mwenyewe umeanza kusema hivyo

Kikao kimoja nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Mwenyekiti, mtu mnyoofu, alisema mbele ya wote: "Tulichelewa kuagiza. Ni uzembe wetu, tusitafute mchawi." Nikaandika: "Kikao kilibaini changamoto katika mnyororo wa ugavi." Hakuna aliyeniamuru. Mkono ulikwenda wenyewe. Kikao kilichofuata muhtasari ukapitishwa bila marekebisho, hata mwenyekiti akapiga sahihi. Muda ulipita, akaja mtu mpya anayetaka kujua kwa nini vifaa havikufika, akafungua faili. Hakukuta kitu. Mtu mmoja alikuwa amesema ukweli, nami ndiye niliyeufuta.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuwa namlinda mwenyekiti, kwani hakutaka kulindwa. Sehemu ilikuwa hofu, ile ya kuandika "uzembe" kwenye karatasi yenye nembo. Sehemu ilikuwa kutaka kuonekana msomi. Lakini sehemu kubwa ilikuwa uvivu wa kawaida: maneno hayo yapo tayari, yamepangwa kama matofali, unayachukua mawili mawili na ukuta unasimama bila wewe kufikiri. Ndiyo maana sipendi kuamini kwamba kila anayeandika hivi ana njama. Wapo wanaoficha kwa makusudi, na wanajua kanuni ya funika kombe mwanaharamu apite. Ila wengi wananakili barua ya mwaka jana, nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka juzi.

Dawa kwa mwandishi: sema kwanza, andika baadaye. Mwambie mtu aliyekaa karibu nawe ulichotaka kuandika, kwa mdomo, bila karatasi. Andika ulichomwambia. Kama ulishindwa kumwambia, huna cha kuandika bado.

Kabla hujabadilisha kifaa kizima

Si kila neno gumu ni hitilafu. "Dhamana", "mirathi", "riba", "shinikizo la damu" ni maneno ya kazi. Yana mipaka, na wenye fani wakiyatumia wanaelewana haraka zaidi. Ukiuliza maana yake utapewa. Maneno yale mengine ukiuliza maana yake unapewa maneno mengine ya aina ileile.

Na Kiswahili hakina ugomvi na kuficha kwenyewe. Tunapenda fumbo, tunalisifu. Lakini fumbo lina kitu ndani, na anayelitunga anataka mwerevu alifumbue. Lugha hii ya ofisi ni ganda. Ukilivunja, kama nilivyovunja mengi, mara nyingine unakuta ndani hamna uamuzi wowote, hakuna mpango, hakuna hela. Hapo usidhani umekosea kufungua.

Hitilafu ya kinyume nayo ipo. Lugha nyoofu inaweza kudanganya vizuri tu. Watu wakishachoka na ukungu wa wataalamu humkimbilia yeyote anayesema kwa sentensi fupi, hata kama sentensi zenyewe ni uongo na matusi. "Angalau huyu anasema kitu." Nadhani hili ndilo deni kubwa zaidi ambalo ukungu unaiachia demokrasia. Angalia hata lilipofika neno "siasa" lenyewe. Tukimwambia mtu "acha siasa" tunamaanisha acha porojo. Jina la namna tunavyoamua mambo yetu kwa pamoja limekuwa jina la maneno matupu, na anayekuja kuahidi kuifuta siasa anapigiwa makofi.

Umejaribu yote na bado inagoma

Usisubiri sheria, ingawa sheria zipo. Uingereza, mwaka 1362, ilipitishwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakujua Kifaransa kilichokuwa kikitumika mahakamani na hivyo hawakujua walichokuwa wakishtakiwa nacho. Marekani ina sheria ya uandishi mwepesi tangu mwaka 2010 inayoagiza ofisi za serikali kuu ziandike kwa namna wananchi wanavyoelewa. Sheria hiyohiyo inasema hakuna mahakama itakayochunguza kama imetekelezwa. New Zealand ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Zinasaidia pale ambapo kuna mtu anauliza.

Kwa hiyo uliza, lakini angalia swali lako. Kosa ninaloliona zaidi mikutanoni, hasa kwa waandishi wa habari, ni kuuliza kwa lugha ileile: "Mheshimiwa, nini mkakati wa serikali katika kukabiliana na changamoto ya huduma?" Umemtupia mpira mlaini. Atakujibu kwa mkakati, nawe utaondoka na ukungu wako. Uliza swali lenye jibu la neno moja: "Usiku mlango utakuwa wazi au umefungwa?" Kisha mrudishie jibu lake: "Kwa hiyo nikiwaambia watu usiku pamefungwa kuanzia tarehe moja, nitakuwa sijasema uongo?" Kisha: "Nani aliamua, na lini?"

Akisema "tumelipokea, tunalifanyia kazi", usibishane naye. Muulize nani analifanyia kazi na siku gani atatoa jibu, toa daftari, na uandike mbele yake jina na tarehe, polepole, ukitamka unachoandika. Wengi wao wakiiona kalamu huomba kuanza sentensi upya.